Sandali Mbele ya Pazia

Bwiza, Bujumbura
Juni 1995

Kwako Kaka Massoudi,

Assalaam alaykum. Kabla ya neno lolote nataka kujua goti lako limepona au bado unapanda ngazi za msikiti kwa kushika ukuta. Na wifi Miza je, kile kikohozi kimemwachia? Watoto wanasoma? Nawaona wote hapa mbele yangu ninapoandika, ingawa yule mdogo sijawahi kumtia machoni. Barua hii anakuletea Twalibu wa boti la mizigo. Mpe chai, maana siku hizi kuvuka ziwa si safari ya mchezo.

Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala kidogo, nashona kidogo zaidi, kwani nani anashonesha gauni mwaka huu? Nyumba ya marehemu mama imesimama, mlango ni ule ule, risasi zimetoboa bati upande wa jikoni tu, na nimeweka sufuria pale panapovuja.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Umeniuliza mimi ni dada wa namna gani, ninayemfungia mlango kitinda mimba niliyeachiwa na mama mikononi. Umesema Faris amekuandikia kwamba nimemfukuza kwa kuwachukia marafiki zake wa Nyakabiga, kwamba anakuja kwako Kigoma, na kwamba umeshamtandikia kitanda. Kaka, kabla hajakilalia kitanda hicho, soma barua hii yote. Usiruke. Najua tabia yako ya kusoma mwanzo na mwisho tu, kama mtu anayenunua samaki kwa kutazama kichwa na mkia. Nitakueleza kwa mpangilio, kisha uamue mwenyewe kama utamfungulia.

Mama Hansa bado yupo. Wahindi wenzake karibu wote wameondoka, yeye amekataa, anauza vitambaa pale pale tulipopakana ukuta, mjane na miungu yake, na ukimwomba apunguze bei bado anashika kifua kana kwamba umemchoma kisu. Unakumbuka alivyotulea. Mama akienda sokoni, sisi tulikuwa mali ya Mama Hansa mpaka jioni. Unakumbuka pia kile chumba kidogo nyuma ya duka, chenye pazia la rangi ya manjano, anamowekea sanamu zake na taa ya samli. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Siku akikuita, ulivua viatu, ukaviweka kando ya ukuta vidole vikitazama nje, ukainamisha kichwa, ukainua pazia kwa mkono wa kulia. Mimi alinichapa mara moja kwa kutumia wa kushoto. Wewe alikuchapa zaidi ya mara moja.

Na unakumbuka uzi. Kila mwezi wa nane, siku ya sikukuu yao, dada humfunga kaka yake uzi mkononi, humzungushia taa usoni, humtia kitu kitamu mdomoni, na kaka anaapa kumlinda. Uzi wenyewe wanauita rakhi. Mama Hansa hana kaka hapa, basi akawafunga ninyi. Mama yetu, Mungu amrehemu, alifanya naye mapatano ukutani: uzi sawa, pipi sawa, lakini ule unga mwekundu wa kwenye paji la uso, "apana, Mama Hansa, mutoto wangu ni Muislamu." Mama Hansa akanuna wiki nzima, kisha akakubali. Hivyo ndivyo Faris alivyokua, uzi mkononi na paji safi.

Na kila mwaka ilikuja hadithi pamoja na pipi. Kwamba alipokuwa binti mdogo huko Karachi, nchi yao ilipogawanywa na majirani wakageukiana, mama yake alikuwa amemfunga uzi jirani Mwislamu, mtia rangi vitambaa aitwaye Rahimdad. Siku umati ulipokuja na mienge, Rahimdad alikuja nao mpaka mlangoni, akawakumbuka, na Hansa na mama yake wakafika bandarini salama. Hapo Mama Hansa alikuwa anapiga makofi na kusema, kuleni. Nasi tulikula. Mimi nilikuwa nikimcheka, nikimwambia uzi wake ungekuwa na nguvu hiyo angeuuza kwa mita. Shika hadithi hiyo, nitairudia.

Sasa Jovithe. Huyu hukumkuta. Ni fundi wa vyerehani, Mhutu, alikuwa na kibanda chake Mutakura mpaka Mutakura ilipoanza kuungua mwaka jana. Mke wake na mtoto walivukia Uvira. Yeye alibaki na mashine za watu alizokuwa hajamaliza kutengeneza, akasema hawezi kukimbia na mali ya wateja wala kuiacha. Nilimpa chumba cha uani. Kaka, mtu huyo alikuwa mpole mpaka alikera. Ukimsalimia anazima mashine kwanza ndipo aitikie. Faris alimpenda. Jioni walikaa wote wawili uani, Faris akishika taa, Jovithe akifungua matumbo ya cherehani yangu, wakibishana mambo ya mpira. Mwezi wa nane Mama Hansa akawafunga uzi siku moja, akawaambia kwamba watu wenye dada mmoja ni ndugu, wapende wasipende. Jovithe ni Mkatoliki, hakuwa na masharti, akapakwa mpaka unga mwekundu. Alitembea nao kwenye paji la uso siku nzima kama mtu aliyepewa cheo.

Siku hizo hizo Faris alikatikiwa mkanda wa sandali zake za ngozi. Jovithe alibadilisha sindano ya mashine yangu ili iweze kupita kwenye ngozi, nami nikaushona kwa uzi wa buluu, kwa sababu wa kahawia sikuwa nao. Faris alilalamika kwamba anaonekana kichekesho. Alizivaa hivyo hivyo.

Halafu akaanza kubadilika. Nilifikiri ni umri. Anarudi usiku, hajibu, amepata marafiki Nyakabiga, mtaa wa Watutsi, watoto wa sekondari wenye maneno makali. Siku moja aliniambia amechoka kuitwa Mswahili asiye na upande. Alisema kila mtu katika nchi hii anajua anayemchukia, isipokuwa sisi. Mimi nilicheka. Nilimwambia ashukuru Mungu, hiyo ndiyo afya yetu. Tulijiona, Kaka, sisi Waislamu wa Bwiza. Tulijiona tumeketi ukingoni na miguu yetu haijalowa. Tulipokea watu, tulipika vyungu vikubwa, na moyoni tulisema haya ni yao.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu yakafika kwetu. Sitakuchorea yote. Kuanzia alfajiri nyumba za Wahutu wa Bwiza zilikuwa zinavunjwa, moja baada ya nyingine, na watu wanakimbia na magodoro. Jovithe hakuwa na pa kupita. Mama Hansa akagonga ukutani kwa mwiko, ile ishara yake ya zamani, tukampitisha kwenye kile kipenyo nyuma ya choo mpaka dukani kwake. Nilidhani atamficha chini ya majora ya vitambaa. Apana. Akamwongoza moja kwa moja kwenye pazia la manjano. Na Kaka, risasi zinalia, akamsimamisha pale na kumwambia avue viatu. Nilipiga kelele. Nilimwambia, "Mama, watu wanakufa, na weye unaona viatu!" Hakunisikia. Jovithe akavua, akavikumbatia kifuani, akainama, akaingia. Mimi na Mama Hansa tukakaa nyuma ya meza ya kupimia, yeye akaanza kukunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa.

Wakaja. Walikuwa vijana, nyuso zao zimefungwa fulana, macho tu ndiyo yanaonekana. Mmoja alikuwa na bunduki, wengine mapanga. Wakagonga kwa adabu. "Mama, fungula. Hatuna shida na weye. Tunataka ule mutu wa mashini." Mama Hansa akafungua, maana mlango ule hata mbuzi angeuangusha. Akawaambia hapa hakuna mtu, kuko vitambaa na miungu yake tu. Wakaanza kuvuta majora chini. Walikuwa hawajui nyumba. Wangemaliza vitambaa, wangechukua walivyotaka, wangekwenda. Hivyo ndivyo walivyofanya kwa jirani.

Lakini mmoja wao hakugusa vitambaa. Alipita pembeni ya meza bila kutazama mtu, akaingia kwenye ule ujia mwembamba wa nyuma kama mtu anayejua kwamba upo, akafika kwenye pazia la manjano. Pale akasimama. Kisha akavua sandali. Akaziweka kando ya ukuta, vidole vikitazama nje. Akainamisha kichwa, akainua pazia kwa mkono wa kulia, akaingia.

Mama Hansa aliacha kukunja kitambaa. Mkono wake ulinishika hapa juu ya kiwiko, alama ya kucha zake ilikaa wiki nzima.

Yule kijana hakukawia ndani. Akatoka, hakuweka pazia sawa, hakusema kuko mtu wala hakuna mtu. Aliegemea ukuta, akaacha njia. Basi. Aliacha njia. Wenzake waliiona njia ile ilivyoachwa, wakaelewa, wakaingia na mabuti yao.

Walimtoa Jovithe akiwa bado amekumbatia viatu. Aliwaomba wamngoje avae. Mmoja akampiga, viatu vikaanguka. Walipompitisha mbele ya yule aliyeegemea ukuta, Jovithe alimtazama macho yale yaliyobaki nje ya fulana, akamwuliza taratibu, kwa sauti ile ile ya kuitikia salamu, "Ni weye, mudogo?" Wakatoka wote kwa pamoja, wakisukumana, na yule kijana akasombwa nao nje, miguu mitupu.

Nilikwenda kwenye pazia. Nilijua, Kaka, nilijua tangu alipoinama, lakini nilikuwa nimeshika tumaini kwa meno. Watoto wangapi wamepita kwa Mama Hansa katika mtaa huu? Nikainama. Sandali ziko pale zimepangwa vizuri, na kwenye mkanda wa kulia ule mshono wangu wa buluu.

Ni Faris. Nimeliandika. Kalamu imesimama hapa kwa muda mrefu, wino umeacha doa, nisamehe.

Sielewi mpaka leo. Kama angeingia na sandali zake, ningesema alileweshwa, alitishwa, hakuwa yeye. Lakini alikuwa yeye. Alikumbuka kila alichofundishwa. Mkono wa kulia, kichwa chini, vidole nje. Aliheshimu kizingiti, akamtoa mtu aliyekuwa nyuma ya pazia. Nikiwa na sindano mkononi wazo hilo linanijia, nasimama katikati ya mshono, najikuta nimefunika mdomo kama mwanamke aliyepata msiba dakika ile ile.

Jovithe alionekana mchana ule karibu na mto Ntahangwa. Padri hakuweza kufika. Wazee wa msikiti wetu walimzika, na mimi niliomba msalaba wa mbao, wakanipa bila ubishi. Habari nilimpelekea mkewe Uvira kwa mdomo wa mtu. Sikuthubutu kusema ni nani.

Kesho yake Faris alikuja nyumbani. Alikuwa amevaa viatu vya plastiki, vidogo kwake, visigino vinaning'inia. Akaniomba chakula kana kwamba ni siku kama nyingine. Nilimwuliza swali moja tu: sandali zako ziko wapi? Wallahi, angesema ziko kwa Mama Hansa, ningeanguka, ningelia, ningempiga, lakini asingelala nje. Akanijibu, "Waliziiba musikitini." Msikiti haukufunguliwa siku ile, Kaka. Hakuna aliyeswali nje ya nyumba yake. Nilifunga mlango. Hiyo ndiyo sababu, na marafiki zake wa Nyakabiga sikuwataja.

Sasa nikurudishe kwenye hadithi ya Karachi. Siku moja, msiba ukiwa bado mbichi, nilimwendea Mama Hansa kwa hasira. Nilimwambia uzi wake ni upuuzi, ulimlinda yeye Karachi na haukumlinda Jovithe Bwiza. Nilitaka aumie. Hakukasirika. Aliketi juu ya jora la kitenge, akaniambia kwamba hakuna siku uzi ulimlinda mtu. Akaniambia hadithi ina mwisho, na mwisho huo hajawahi kumwambia mtoto yeyote wa mtaa huu.

Ni kweli Rahimdad alikuja na umati mpaka mlangoni. Ni kweli aliwakumbuka yeye na mama yake, wakaachwa wapite. Lakini juu ya paa alikuwa amejificha mjomba wa Hansa, ndugu wa mama yake, na ngazi ya paa ilikuwa imefichwa mahali ambapo watu wa nyumba tu ndio walijua. Rahimdad alipajua, kwa sababu alikuwa ndugu. Aliitoa ngazi, akaiegemeza ukutani, akasogea pembeni. Hansa aliyaona hayo akiwa begani kwa mama yake.

Walipofika Kigoma, mama yake akaanza kumtumia Rahimdad uzi kwa posta. Kila mwaka, mpaka alipokufa. Hakujibiwa hata mara moja. Hansa alimchukia mama yake kwa hilo, akamwuliza kwa nini unamfunga muuaji. Mama akamjibu kwamba uzi si mshahara wa kazi njema. Mtu aliyesahau kuwa ni ndugu, asipokumbushwa na dada yake, atakumbushwa na nani?

Nilimwuliza kwa nini basi alikuwa anatukatia hadithi. Alianza kulia, Mama Hansa yule asiyelia hata akikupunguzia bei. "Mi niliogopa," aliniambia. "Niliogopa watoto wataacha kula pipi." Kisha akasema jambo ambalo linanizunguka kichwani kila siku. Alisema kama Faris angeisikia hadithi mpaka mwisho, siku ile alipoinua pazia angejua yeye ni nani ndani ya hadithi hiyo. Pengine angefanya vile vile. Lakini angejua.

Kaka, niliwaza nyumba yetu. Unakumbuka mwaka sabini na mbili, baba alirudi siku moja amekaa kimya, na majirani wawili hawakuonekana tena. Tulipouliza, baba alisema Mungu ametuhifadhi. Akaishia hapo. Katika kila nyumba ya mji huu mzee mmoja aliishia hapo, na sisi watoto tukakua tunadhani tunayajua yaliyopita. Tulipewa kichwa na mkia. Ndiyo maana nimekuandikia katikati yote, ingawa mkono unauma na ingawa ni damu yetu. Ukitaka kunichukia kwa hilo, nichukie ukiwa umeshasoma.

Mama Hansa ameweka kitu katika bahasha hii. Ni uzi, mwekundu na manjano, ameusokota mwenyewe, na mwezi wa nane haujafika. Alinipa nimfunge Faris mimi. Nilimwambia labda amepata wazimu. Nilienda nao mpaka kwenye kona ya Nyakabiga, nikamwona kwa mbali na wenzake, mkono wangu ukakataa, nikarudi. Siwezi, Kaka. Labda mwaka mwingine, labda kamwe. Nimekutumia wewe.

Sikuambii umpokee, sikuambii umfukuze. Nakuomba moja. Kwako pia watu huvua viatu mlangoni. Akifika, usimkumbatie kwanza. Mwache avue, utazame. Kisha mkalishe, umsomee barua hii kwa sauti, yote, na jina la Jovithe ulitaje kila mahali nilipoliandika. Akiweza kukaa mpaka mwisho bila kuinuka, hapo utajua mwenyewe kama utamfunga uzi huu.

Nisalimie wifi Miza, mwambie vile vitenge nitampa Twalibu safari ijayo, Mungu akipenda. Wabusu watoto, yule mdogo mara mbili, kwa ajili ya shangazi asiyemjua. Wazee wa Ujiji wape salamu zangu zote, na waniombee.

Faris naye msalimie. Mwambie Mama Hansa amenikataza kuzitoa. Anafagia pembeni yake kila asubuhi. Sandali zake bado ziko pale alipoziacha, na viatu vya Jovithe viko karibu yake.

Ni mimi dada yako,
Assia